Kipkosgei na Gemu Zilizokufa Mgongo

Jotham Kipkosgei Kemboi ni mtoto wa Kemboi, yule aliyefunga kipaza sauti cha kwanza kwenye paa la kanisa letu kule Cheptais, watu wa ng'ambo ya bonde wakawa wanasikia mahubiri wakiwa shambani, na wengine wakakasirika. Kemboi naye ni mtoto wa Kipngetich, ambaye mwaka ule mvua ilipoporomosha mlima alisimama juu ya jiwe na pembe ya ng'ombe, akaipiga mpaka midomo ikatoka damu, na boma zote za chini zikahama zikiwa hai. Mimi ni dada yake Kemboi. Kwa hivyo Kipkosgei ananiita Senge, na haya ninayoandika sikuambiwa na mtu wa njiani. Mengine niliyaona, mengine niliyasikia kwa masikio haya, na masikio haya hayajawahi kunidanganya.

Kipkosgei hakuzaliwa kukaa. Mama yake alimlisha akimfuata na sahani. Watoto wengine walipoketi mbele ya redio ya baba yao, yeye alizunguka akaenda kukaa nyuma yake ukutani, akasema huko sauti iko tofauti. Baba yake alimchapa kwa kugusa waya, kesho yake akarudi pale pale. Alipokuwa kijana aliteremka Kitale, akafungua chumba cha kompyuta kwenye barabara inayoelekea Kipsongo, vijana wakawa wanaingia kuandika barua za kazi na kucheza gemu. Hata huko hakukaa. Ukimpa kiti anakishika mgongo, anakitikisa, anaondoka.

Mtu mmoja tu ndiye aliyeweza kumtuliza, naye ni Gichuki. Huyu ni mtoto wa wale Wakikuyu waliolima Naitiri tangu zamani, na alikuwa karani wa duka la mbegu mjini Bungoma. Kila Jumamosi alifunga duka mapema akaja Kitale, wakakaa wawili, Kipkosgei kwenye kiti na Gichuki kwenye kreti ya soda, wakacheza gemu moja ile ile. Ilikuwa ya mjumbe anayetembea ndani ya ngome kubwa ya mawe amebeba ujumbe, na askari wanamtafuta. Wakikuona umekwisha. Mchezo wenyewe uko kwenye masikio. Viatu vya askari vinalia tofauti juu ya jiwe, juu ya mbao, juu ya majani. Kulikuwa na spika mbili mbele na mbili nyuma ya kiti, na mtu akikujia kutoka nyuma, kweli unamsikia nyuma. Niliwahi kupita pale siku moja kumwona huyu mtoto wa kaka yangu, nikageuka kuangalia nani ameingia. Hakukuwa na mtu. Walinicheka wote wawili.

Kisha macho ya Gichuki yakaanza kuondoka. Daktari aliita presha ya macho. Yalififia kutoka pembeni kuja katikati, kama mtu anayefunga mlango polepole. Akaacha kazi Bungoma, akarudi Naitiri kwa mke wake Nyaguthii. Lakini ngome ile alikuwa ameijua yote akiwa bado anaona, kila ngazi na kila mlango. Kipkosgei akambebea ile kompyuta ya zamani mpaka Naitiri, akampangia spika nne kuzunguka kiti chake, na Gichuki akaendelea kucheza bila macho. Alikuwa anashinda. Nyaguthii aliniambia kwamba siku moja alimwonea huruma akamwambia apumzike, mume wake akamjibu, "Mama Kimotho, niache. Huku nje nashikwa mkono hata nikienda chooni. Humo ndani ndio mahali pekee natembea peke yangu."

Halafu radi ikapiga Naitiri. Iliua ng'ombe wa jirani na ile kompyuta.

Watoto wao wakaleta mpya, nyembamba, inang'aa. Kipkosgei akaenda kuweka ile gemu, ikawaka vizuri, picha safi kabisa. Gichuki akakaa, akatembea kidogo, akauawa. Akaanza tena, akauawa. Mara ya tatu akaweka mikono magotini.

"Wananipiga kutoka nyuma," akasema. "Huko nyuma hakuna kitu, bana. Kumekufa."

Hapo ndipo Kipkosgei alipopoteza usingizi. Alinieleza jambo lenyewe akizunguka meza yangu, na mimi nilisoma mpaka darasa la saba tu lakini nilimwelewa. Zamani gemu iliongea yenyewe na kadi ya sauti ndani ya kompyuta. Iliiambia: huyu askari mweke kushoto, huyu nyuma, huyu juu ya ngazi, na ukumbi huu utoe mwangwi wa mawe. Kompyuta za siku hizi zimefunga hiyo njia. Zinachukua sauti zote, zinazikoroga kwenye sufuria moja, zinapakua mbele. Gemu inaita kadi yake ya zamani, hakuna anayeitika, basi inanyamaza na kutoa ile sauti kidogo inayoweza. Gemu za namna hiyo Kipkosgei aliziita zilizokufa mgongo.

"Na dawa hakuna?" nikamuuliza.

"Iko, Senge. Kuna watu huko duniani wametengeneza faili ndogo. Unaiweka ndani ya folda ya gemu. Gemu ikiita kadi, ile faili inaitika abee, inajifanya kadi, inapanga sauti zote mahali pake."

"Si uiweke basi ukae chini."

"Nitaiweka," akasema, na tayari alikuwa mlangoni.

Aliiweka. Akaenda Naitiri akamwambia Gichuki imepona. Gichuki akaoga, akavaa shati safi kama mtu anayeenda harusini, akakaa, akauawa kutoka nyuma. Kipkosgei akarudi Kitale, akasoma, akauliza watu kwa simu, akaenda tena Naitiri akasema sasa ndiyo hii. Gichuki akakaa, akauawa. Safari hii hakuweka mikono magotini. Aliinuka, akajigonga paja kwenye meza, akatafuta ukuta kwa vidole.

"Jamaa yangu," akamwambia, "mimi si mbuzi wa kujaribiwa dawa. Beba hiyo kitu. Na usikuje hapa tena kuniambia imepona."

Kuanzia siku ile hakukaa kwenye kile kiti. Nyaguthii alisema anashinda barazani akiuliza ni saa ngapi, na ukimjibu anauliza tena. Akampigia Kipkosgei simu, "Baba Chepkirui, huyu mtu ananiishia hapa. Na sasa anasema kompyuta ipewe shule ya kanisa. Mwalimu anakuja kuichukua Jumamosi. Ukiwa utaitengeneza, itengeneze. Ukiwa huwezi, irudishe, tujue moja."

Juma lile mimi nilikuwa Kitale kutibiwa magoti yangu, nililala kwa Kipkosgei, kwa hivyo niliona. Kompyuta ya Gichuki ilikaa juu ya meza ya duka lake, imeunganishwa na spika za duka. Akawa anabadilisha kitu, anaketi, anatembea ndani ya ngome, anasikiliza, anatukana kidogo, anasimama, anazunguka, anafuta alichofanya, anaanza tena. Chai ilipoa. Wateja waliokuja kuchapisha karatasi aliwaambia mashine imeharibika, na haikuwa imeharibika. Mke wake aliacha kumuuliza kitu. Hata mimi nilianza kuamka kitandani na kusikiliza kama anatembea, na alikuwa anatembea.

Kwenye baraza ya lile duka kulikuwa na Chepkemei, mwanamke wa Kapsokwony, anauza viatu vya mitumba. Mdomo wake unajulikana mpaka stendi. Jumanne alichomoza kichwa mlangoni.

"Kipkosgei! Huyu mtu anatembea nyuma yangu ni nani?"

"Mtu gani?" Kipkosgei hakuinua macho.

"Mwenye viatu ngumu. Anakuja, anakuja, nikigeuka hakuna. Ati anataka kuniibia?"

"Chepkemei, uza viatu. Niko na kazi."

"Niuze aje na nageuka-geuka kama kuku? Na nyimbo za asubuhi ulizima. Hata customer hawajui kama tuko."

Jumatano Chepkemei alinyamaza, Alhamisi pia, nikafikiri yamekwisha. Ijumaa asubuhi nilisikia kishindo barazani nikatoka. Alikuwa amerusha kiatu cha mpira kwa nguvu zake zote kuelekea kwa kinyozi wa jirani, na kinyozi alikuwa amesimama na wembe mkononi akiuliza amemkosea nini.

"Kogo," Chepkemei akaniambia, maana ananiita nyanya, "hii duka iko na shetani. Huyo mtu alikuja Jumanne, akapotea, na leo amerudi. Leo amekuja na mlango. Nimesikia mlango ukilia hapa, na hapa hakuna mlango!"

Mimi si mtu wa kuogopa upesi. Nilizaliwa mlimani, nimeona mengi. Lakini nilisimama pale nikasikia kwa masikio yangu: ko, ko, ko, juu ya jiwe. Kisha tup, tup, kama mbao. Na tulikuwa tumesimama juu ya simenti.

Chepkemei hakungoja ushauri. Alivuka barabara akawaita wanawake wa maombi, ambao walikuwa na mkutano wao kwa fundi cherehani, na punde tulikuwa duara juu ya ile baraza katikati ya viatu, mchana peupe, watu wa Kipsongo wakisimama kutazama. Ndani, Kipkosgei hakujua lolote. Alikuwa kwenye jaribio lake la mwisho. Kesho ilikuwa Jumamosi, na alikuwa amekwisha kuniambia wakati wa chai kwamba ameshindwa, atairudisha kompyuta na kumwomba Gichuki msamaha kama mtu mzima.

Tukaomba. Chepkemei ndiye aliyeongoza, na alikuwa amefika mahali pa kumwamuru yule mtu ajitaje jina, wakati nyuma yetu, karibu kabisa na sikio langu la kushoto, mtu alikohoa. Halafu sauti nzito ya kiume, ya kizungu, ikauliza nani yuko hapo.

"Ni Chepkemei!" akapiga kelele. "Na hii baraza nimekaa kabla yako!"

Mama mmoja alisema amina kabla ya wakati. Wengine walikanyaga viatu wakikimbia. Mimi nilibaki kwa sababu ya magoti, na baadaye watu walisema nilibaki kwa sababu ya imani, sikuwasahihisha.

Kipkosgei alitoka ndani akiwa na uso wa mtu aliyeamshwa.

"Nani amejibu?"

"Mimi!" Chepkemei akasema, kiatu mkononi. "Huyo mzungu wako ameniuliza mimi ni nani, nimemwambia."

"Ameuliza nini?"

"Nani yuko hapo."

Kipkosgei aligeuka kwangu. "Senge. Wewe umesikia? Alikuwa upande gani?"

"Nyuma yetu. Hapo kwa kinyozi."

Akainua macho, na mimi nikafuata macho yake. Chini ya paa, zimefungwa kwa waya wa ua, zimejaa utando wa buibui, zilining'inia spika mbili. Alizitazama kama mtu aliyekuta ng'ombe wake amefungwa kwa jirani.

Mnajua maduka ya Kitale. Hakuna duka lisilotoa spika nje, kila mmoja anataka nyimbo zake zisikike kuliko za mwenzake, na usipofanya hivyo watu wanadhani umefunga. Krismasi moja, Gichuki akiwa ameshaacha kuja, Kipkosgei alivuta waya wa spika za nyuma, akaupitisha juu ya dari mpaka barazani, akaufunga kwenye hizi mbili. Zile zilizobaki nyuma ya kiti chake akaziunga pamoja na za mbele, ili wateja wa ndani wasiseme upande mmoja umekufa. Krismasi ikaisha, mwaka ukaisha, nyimbo zikaendelea kutoka nje kila asubuhi, naye akasahau. Kwa hivyo juma zima alikuwa ameketi pale akisikia sauti za mbele zikitoka nyuma yake, akilia kwamba sauti za nyuma hazipo, na askari wa nyuma wote walikuwa wanazunguka barazani wakimtesa mwuza viatu.

"Jumanne," akasema. "Umesema alikuja Jumanne, akapotea, akarudi leo?"

"Si nilikuambia? Wewe husikii mtu."

Alishika kichwa. Jumanne ndiyo siku aliyogundua kwamba ile gemu, badala ya kuangalia ndani ya folda yake mwenyewe, inakimbilia kwanza kutafuta kadi kwenye kompyuta yenyewe, inapita mlangoni kwa ile faili bila kubisha. Ndiyo sababu Naitiri alishindwa mara mbili. Jumanne aliifundisha iangalie nyumbani kwanza. Akasikiliza, nyuma akasikia yale yale ya mbele, akafuta kila kitu. Leo, kwa kukosa lingine, alikuwa amerudia lile la Jumanne.

"Kwa hivyo imepona?" nikamuuliza.

"Usiseme hivyo, Senge. Usiseme kabisa."

Alipanda juu ya kreti akaanza kukata waya. Chepkemei akamshika suruali. "We, we! Sasa watu watavutwa na nini?"

"Na mdomo wako," Kipkosgei akasema, na hiyo ndiyo mara ya kwanza juma lile nilimsikia akitania.

Jumamosi tulifika Naitiri mapema. Nilikwenda pia. Nani angenizuia? Nyaguthii alitupokea langoni, akaniamkua, akamwangalia Kipkosgei bila kuuliza. Gichuki alikuwa barazani, kofia kichwani, uso umeelekea barabarani.

"Ni wewe," akasema. "Najua huo mguu. Hautulii hata ukisalimia. Umekuja na hadithi gani leo?"

"Sina hadithi. Nimerudisha kompyuta."

"Vizuri. Iweke hapo, mwalimu anakuja."

"Nitaiweka pale ilipokuwa," Kipkosgei akasema. "Kama inaenda shule, iende ikiwa imeunganishwa vizuri."

"Ukiniambia imepona nitakufukuza, na sitaona ulikokimbilia."

"Sijasema kitu, bana."

Ndani, kuku alikuwa ametaga juu ya spika moja ya nyuma. Nyaguthii akamwondoa pamoja na mayai, akapangusa kwa kanga. Kipkosgei akaunganisha waya, na safari hii aliufuata kila mmoja kwa mkono mpaka mwisho wake, akirudia, akirudia. Jasho lilikuwa linamtoka na asubuhi ilikuwa baridi. Kisha akawasha gemu, akamwacha yule mjumbe amesimama tu katikati ya ukumbi wa ngome, bila kumsogeza, na yeye mwenyewe akaenda kusimama mbali, karibu na dirisha.

Barazani Gichuki alikohoa. Ndani ya ngome maji yalidondoka mahali fulani. Halafu mlango ukalia, na haukulia mbele. Ulilia kule pembeni, nyuma ya kile kiti kitupu, na viatu vikaanza: ko, ko, ko.

Niliona kofia ya Gichuki ikigeuka dirishani.

Aliinuka, akaja akigusa ukuta, akagusa meza, akagusa mgongo wa kiti. Alisimama hapo viatu vikipita nyuma yake, na shingo yake ikavifuata kutoka kulia mpaka kushoto kama ya mtu anayetazama jirani akipita njiani. Nyaguthii alikuwa ameshika mdomo kwa mikono miwili. Kipkosgei hakuwa anatikisa kitu chochote, hata mguu. Sijawahi kumwona hivyo tangu azaliwe.

Gichuki akakaa. Akatafuta vitufe. Akangoja askari apite, akamfuata nyuma polepole, akaingia kwenye korido ya mbao, akasimama, akangoja mwingine, akapita. Alikuwa anaongea peke yake kwa Kikikuyu. Alipanda ngazi, akafika juu, na hapo juu mtu akamvaa uso kwa uso akamwua.

Mimi nilifumba macho. Nilijua sasa ataondoka.

"Kutoka mbele!" Gichuki akapiga meza. "Mama Kimotho, umesikia? Ameniua kutoka mbele! Huyo alikuwa mbele yangu kabisa, ni mimi mjinga, nimesahau yule wa juu ya ngazi!" Na alikuwa anacheka, machozi yanateremka kwenye yale macho. "Rudisha, rudisha, nianze tena."

Mwalimu alifika wakati wa chai, akakuta watu wamesimama nyuma ya kiti kimya kama kanisani, akapewa kikombe, akaelezwa, akaondoka mikono mitupu bila kununa.

Nilidhani Kipkosgei sasa atapumzika. Lakini alikuwa ameanza tena kuzunguka chumba, anaangalia spika, anaangalia dari, na nikaelewa kuna kitu kinamsumbua. Gichuki alielewa kabla yangu.

"Kaa chini, wewe. Unanitia kizunguzungu na sioni hata."

"Gichuki, nilikaa juma zima nikisikia mbele nikadhani ni nyuma. Juma zima. Macho yangu yanaona askari kwenye kioo, masikio yanakubali tu. Kama si yule mama wa viatu ningekuletea maiti mara ya tatu."

"Sasa?"

Kipkosgei akatoa mfukoni kile kidude cha kuwekea faili, kidogo kama kidole, akaushika mkono wa rafiki yake, akakiweka kiganjani na kuukunja ule mkono juu yake.

"Humu kuna gemu zingine za zamani. Watu wananiletea, wengine wako kama wewe, kuna kijana wa Cheptais hata hajawahi kuona tangu azaliwe. Zote zimekufa mgongo. Mimi nitaweka faili. Lakini kutoka leo mimi sisemi tena gemu fulani imepona. Hiyo ni kazi yako. Utakaa hapo, utasikiliza, utasema. Ya nyuma ikiwa iko mbele, usinihurumie."

Gichuki aligeuza kile kidude kiganjani, akakinusa, sijui kwa nini.

"Na ukibisha?"

"Sitabisha."

"Utabisha. Nakujua." Akavuta kiti karibu na meza. "Weka ya kwanza. Na huyo kuku mtoe kabisa chumbani, anatembea."